Jina la Mjukuu: Gumzo la Kikundi cha Ukoo wa Kibosho

Neema: Shikamooni wazee wote. Baba wa mtoto amempokea kidogo, nimepata mkono wa kuandika. Tunaendelea vizuri, mtoto ananyonya, mimi kidonda kinapona. Kesho tunapeleka jina la usajili. Sisi wawili tumekubaliana ataitwa Mercedes, jina la mama mkwe. Kikatalani, lugha ya huku kwetu Barcelona, Hispania, wanasema Mercè. Sikutaka kuandikisha kabla wazee hamjasikia.

Mama Neema: Ashukuriwe Mungu. Picha nimeziona, nimemwonyesha Bibi, amezikodolea macho mpaka simu ikaisha chaji.

Shangazi Bagamoyo: Hongera mwanangu! Mungu amkuze. Kafanana na marehemu babu yako paji la uso.

Mjomba Gereji: Marahaba Neema, hongera sana. Sasa mimi naomba nisikilizwe kwa hilo jina. Maisha yangu yote nimelibandua na kulibandika kwenye bodi za magari. Mtoto akija likizo Moshi, watoto wenzake watamwita Benzi mpaka siku anaondoka. Na nyie vijana hamkumbuki, lakini sisi tulikua tunasikia neno Wabenzi, na halikuwa neno la kumsifu mtu. Lilikuwa la wakubwa waliokula jasho la wenzao. Sitaki mjukuu wangu abebe hilo.

Mama Mkubwa: Hata mimi nilishtuka. Nikasema huenda simu imeandika vibaya.

Neema: Mjomba, naomba nikueleze kwa heshima. Gari ndilo lililochukua jina la mtoto. Kulikuwa na binti wa kweli, amezaliwa Vienna mwaka 1889. Vyeti vyake vilisema Adriana Manuela Ramona Jellinek, lakini nyumbani aliitwa Mercédès. Baba yake, Emil Jellinek, alikuwa mfanyabiashara anayeishi Nice, Ufaransa, akiuza magari ya Daimler kwa matajiri. Alilipenda jina la bintiye kupita kiasi, akaliona lina bahati. Nyumba akaipa jina hilo, na kwenye mashindano ya magari mwaka 1899 akajiandikisha yeye mwenyewe kwa jina la Mercédès.

Mjomba Gereji: Huyo Jellinek namjua, tulifundishwa chuo cha ufundi. Ndiye aliyewabana Daimler baada ya dereva wao kufa kwenye mashindano ya kupanda mlima pale Nice mwaka 1900. Magari ya wakati ule yalikuwa marefu kwenda juu kama behewa la farasi, ukikata kona yanapinduka. Akasema nataka gari refu kwenda nyuma, fupi kwenda juu, pana, uzito ukae karibu na ardhi. Akaagiza magari 36 kwa mpigo. Mhandisi Maybach akamtengenezea injini ya nguvu farasi 35, chesisi ya chuma, na rejeta ya vishimo kama sega la nyuki. Rejeta hiyo ndiyo mama wa rejeta zote ninazoziba mpaka leo. Mwezi wa tatu 1901 likashinda karibu kila kitu Nice. Lakini kwamba binti alikuwa mtoto wa watu, mwenye jina lake, hilo hatukuambiwa. Tuliambiwa “jina la biashara”.

Neema: Alikuwa na miaka 11 wakati gari linashinda, Mjomba. Mwaka 1902 jina lake likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Mwaka uliofuata baba yake akabadilisha jina la ukoo kisheria, akawa Jellinek-Mercédès. Baba kachukua jina la binti.

Elia: Baba kuchukua jina la mtoto wa kike! Hapo sijawahi kusikia.

Mama Neema: Mbona sisi tunafanya kila siku. Mimi nani ananiita jina langu? Ni Mama Neema toka umezaliwa.

Shangazi Bagamoyo: 🙏 Kweli kabisa.

Mama Mkubwa: Neema, na huyo binti mwenyewe, maisha yake yalikuwaje? Jina unampa mtoto kwa kuangalia aliyelibeba aliishije.

Neema: Mama Mkubwa sitakuficha. Hayakuwa mepesi. Aliolewa mara mbili, akazaa, vita ya kwanza ya dunia ikafuta mali ya familia, na akafariki Vienna mwaka 1929 kwa saratani ya mifupa. Alikuwa na miaka 39. Miaka mitatu kabla, kampuni za Daimler na Benz zilikuwa zimeungana, jina lake likakaa mbele. Wakati gari linazidi kutajirika, yeye alikuwa amefilisika.

Mama Mkubwa: Ndiyo nilichokuwa nakiogopa. Kwetu hatuchukui jina la mtu aliyeondoka kijana na mwenye mateso.

Baba Mdogo: Na mimi nimesoma kuna malkia wao mmoja wa jina hilo naye alikufa mdogo.

Neema: Ni kweli Baba Mdogo. María de las Mercedes, mke wa mfalme Alfonso wa 12. Walioana kwa mapenzi Januari 1878, wakati wafalme walikuwa wanaozwa kwa siasa. Juni mwaka huohuo akafa kwa homa, siku mbili baada ya kutimiza miaka 18. Watoto wa Hispania walimwimba kwenye michezo yao vizazi na vizazi.

Mama Mkubwa: Wawili sasa. Mimi sisemi zaidi.

Mama Neema: Dada, Neema hampi mtoto jina la malkia wala la binti wa gari. Anampa la bibi yake mzaa baba. Yule mama yuko hai, ana afya, na ndiye aliyekaa na mwanangu leba usiku kucha wakati mimi viza imenikwamisha. Na kwetu Kibosho mtoto wa kike wa kwanza anamwita nani? Si bibi mzaa baba? Tusiwageuzie wenzetu sheria ambayo ni yetu wenyewe.

Shangazi Bagamoyo: Hapo umenena.

Mjomba Gereji: Kwa mila, hapo sina la kusema. Lakini nataka nijue jina limetoka wapi kabla ya gari.

Neema: Hapo ndipo pananigusa mimi, maana limetoka mji huuhuu ninaokaa. Zamani zile, miaka ya 1200, bahari yote hii ya Mediterania ilikuwa ya kutekana. Meli zinakamata watu, vijiji vya pwani vinavamiwa, mtu anauzwa Algiers au Tunis au Granada, anafanyishwa kazi kwa mnyororo. Familia maskini haina cha kulipa, mtu anapotelea huko. Sasa mfanyabiashara mmoja, Pere Nolasc, akaanza kutumia mali yake kuwakomboa watu. Tarehe 10 Agosti 1218, kwenye kanisa kuu la Barcelona, mbele ya mfalme Jaume wa Kwanza, akaanzisha shirika la kazi hiyo tu. Wakaliweka chini ya Mama Maria wa Rehema, Mare de Déu de la Mercè. Wasichana wakaanza kubatizwa María de las Mercedes, na kwa kuita wakabakiza Mercedes peke yake. Ndivyo walivyopata pia Dolores, Pilar, Rosario, Consuelo: yote ni majina ya Mama Maria yaliyokatwa mbele.

Watawa wa shirika hilo wana nadhiri nne badala ya tatu. Ya nne ni kwamba fedha ikipungua na kuna mateka anakaribia kukata tamaa, mtawa anabaki yeye kifungoni ili yule aende nyumbani. Na walibaki kweli, wengine hawakurudi.

Shangazi Bagamoyo: Neema umenitoa machozi. Mimi ninapoandika hapa, kanisa la kwanza la wamisionari liko hatua chache tu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wananunua watumwa, wengi watoto wadogo, wanawapa uhuru na kiwanja cha kulima. Pakaitwa Kijiji cha Uhuru. Mpaka leo wageni wanaletwa kuoneshwa. Wale mapadre ndio waliopanda mpaka kwetu Kilimanjaro baadaye. Kwa hiyo habari ya kumlipia mtu awe huru kwetu si habari ya Ulaya, ni ya hapa mlangoni.

Baba Zuhura (Tanga): Assalaam aleikum wanaukoo. Hongereni kwa mtoto, Mashallah. Mimi ni shemeji tu humu ndani, ila naomba niulize bila kuudhi mtu. Neema, katika hiyo bahari ya kutekana, Waislamu waliotekwa na Wakristo nani aliwakomboa? Maana tukisimulia upande mmoja, wanangu humu kikundini watadhani wazee wao walikuwa wateka watu tu.

Neema: Waaleikum salaam shemeji. Swali lako ni la haki. Barcelona na Mallorca kulikuwa na masoko ya watumwa, na Waislamu waliotekwa baharini na vitani waliuzwa humohumo. Watawa wa Mercè waliwakomboa Wakristo, hawakuwakomboa Waislamu. Mara nyingine walibadilishana mateka kwa mateka, Mwislamu anarudi kwao na Mkristo anarudi kwake. Mji uliosimamisha kazi ya kuwakomboa watu, mji huohuo ulikuwa unauza watu. Mtoto akikua nitamweleza vyote viwili.

Baba Zuhura (Tanga): Umejibu kwa ukweli, nimeridhika. Na Waislamu nao walikuwa na fungu la kuwakomboa ndugu zao, Qur'ani imeitaja kumwacha mtumwa huru katika mafungu ya zaka. Kwa hiyo jina lenye kumbukumbu ya kumfungua mtu halinipi shida. Zuhura anasema anataka kumwona mtoto kwenye video.

Mama Neema: Jumapili tutapiga video wote, shemeji.

Elia: Da Neema, ndiyo hiyo Mercè ambayo Barcelona walikuwa wanapeleka makombe kanisani?

Neema: Ndiyo hiyohiyo. Basilika yake iko karibu na bandari, sanamu yake juu ya kuba inaonekana ukitokea baharini. Ilikuwa desturi timu ikishinda ligi inamtolea kombe pale.

Elia: Basi mtoto kashazaliwa na timu yake! Mimi nimekubali jina.

Baba Mdogo: Elia, waache wakubwa wamalize.

Neema: 😊 Na huku kwenyewe leo ni sikukuu yake, 24 Septemba, mji mzima umefunga kazi. Kwenye uwanja wa halmashauri wanapandana mabegani, watu juu ya watu, ghorofa hata nane au tisa, na wa juu kabisa ni mtoto mdogo mwenye helmeti anayeinua mkono mmoja kisha anashuka. Usiku wanakimbia na mazimwi yanayotema cheche za fataki. Hapa wodini tunasikia milipuko tu. Asubuhi ilinyesha, nesi akaniambia ni machozi ya Santa Eulàlia. Zamani yeye ndiye alikuwa msimamizi wa mji. Mwaka 1687 mji ukavamiwa na nzige, baraza likamwekea nadhiri Mama wa Mercè, akapewa usimamizi yeye, na Papa akaukubali rasmi mwaka 1868. Kwa hiyo mvua ikinyesha siku ya Mercè, wanasema Eulàlia analia wivu.

Shangazi Bagamoyo: 1868! Mwaka uleule wa mapadre wetu kufika Bagamoyo.

Mama Mdogo (Arusha): Jamani ndiyo nimetoka mazoezi ya kwaya nakuta ujumbe mia. Neema hongera mpenzi wangu. Hakuna aliyemtaja Mercedes Sosa?? Mimi nimemsikiliza toka niko chuo. Haya, Mama Mkubwa, nikutajie aliyelibeba jina na akaishi. Alizaliwa Tucumán, Argentina, 9 Julai 1935, tarehe ya uhuru wa nchi yao, na katika mji uleule uhuru wao ulikotangazwa. Familia ya wafanyakazi wa kipato cha chini, damu ya wenyeji wa asili wa Andes. Sauti nzito, pana, inaanzia chini tumboni, na anaimba akipiga ngoma kubwa ya kule, bombo. Aliimba habari za wakulima na wachimba madini wakati wa utawala wa kijeshi. Wakamkamata jukwaani katikati ya onyesho, pamoja na waliokuja kumsikiliza. Mwaka 1979 akakimbilia Paris, kisha Madrid. Mwaka 1982 akarudi kabla wanajeshi hawajaondoka, akaimba Buenos Aires usiku mfululizo, ukumbi umejaa, watu wanalia wima. Amefariki 2009 akiwa na miaka 74, mwili wake ukawekwa bungeni watu wakapanga foleni kumuaga. Mimi mwalimu wa kwaya nawaambia, mtoto wa kike kupewa jina la yule mama ni heshima.

Mama Mkubwa: Miaka 74, na akarudi kwao. Huyo nimempenda.

Mama Mdogo (Arusha): Na Tucumán ndiko Belgrano, jenerali wa vita vyao vya uhuru, alikoshinda vita siku ya sikukuu ya Mama wa Mercedes, 24 Septemba 1812, akaenda kumkabidhi sanamu fimbo yake ya ujenerali. Jina lilikuwa limeshajaa hewani kule kabla Sosa hajazaliwa. Jenerali San Martín wa vita hivyohivyo vya uhuru, naye binti yake wa pekee alikuwa Mercedes, alimwandikia mawaidha ya kumlea, kwamba awe mpole hata kwa wadudu, apende ukweli, amheshimu mtumishi na maskini.

Baba Mdogo: Jenerali wa vita anaandika hivyo kwa binti. Vizuri.

Neema: Ma'mdogo asante. Na niongeze mmoja ninayempenda mimi. Mercedes Barcha, mke wa mwandishi García Márquez wa Kolombia. Mume alijifungia mwaka na zaidi anaandika kitabu, yeye ndiye aliyejua chakula kinatoka wapi, nyama kwa mkopo, kodi kwa ahadi. Kitabu kilipokwisha, fedha ya posta ikatosha nusu tu ya kurasa. Wakatuma nusu, wakarudi nyumbani, akaweka rehani hita ya chumba, mashine ya kukaushia nywele na blenda, wakatuma iliyobaki. Dunia inamjua mume. Mercedes aliishi mpaka 2020, miaka 87.

Mama Neema: Huyo angeweza kuwa wa Kibosho kabisa. Mama zetu walitusomesha kwa ndizi na mkopo wa dukani.

Mjomba Gereji: Neema, mkwe wako anasemaje? Jina ni lake.

Neema: Anasita, Mjomba, na sababu yake inauma. Alizaliwa mwaka 1956 enzi za Franco. Nyumbani wote walimwita Mercè, lakini tangu 1939 hapa Katalunya usajili haukukubali jina la Kikatalani, ni la Kihispania tu. Cheti, shule, kitambulisho: Mercedes. Sheria ilibadilishwa 1977, akiwa mtu mzima. Anasema mwalimu akiita “Mercedes” alichelewa kuitika kwa sababu hakuona kama ni yeye. Kuna mwandishi mkubwa wao, Mercè Rodoreda, yeye aliandika Kikatalani akiwa uhamishoni Geneva, miaka hiyo ambayo lugha yake ilikuwa imefungiwa kwao. Mama mkwe ana vitabu vyake vyote kitandani kwake. Kwa hiyo jana jioni aliniambia: kama mnampa jina langu, mpeni lile mama yangu alilolitaka. Aandikwe Mercè.

Shangazi Bagamoyo: Mwenye jina ameshasema. Aandikwe Mercè.

Mjomba Gereji: Aandikwe hivyo. Mimi nimeondoa pingamizi, na si kwa sababu ya gari. Mama wa watu amenyimwa jina lake tangu anazaliwa, sisi tukatae kumrudishia?

Mama Mkubwa: Na mimi nimekubali. Ila Neema, na sisi je? Mtoto ni wetu pia.

Neema: Ndiyo sababu nyingine ya kuandika leo. Sheria ya hapa inaruhusu majina mawili tu ya kupewa. Yanafuatiwa na majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama, kwa hiyo ukoo wetu utakuwemo kwenye kila karatasi yake mpaka anazeeka. Nafasi ya jina la pili tumewaachia ninyi.

Elia: Kwa hiyo mama haachi jina lake akiolewa?

Neema: Haachi. Mama mkwe hajawahi kubadili la kwao.

Mama Neema: Ngojeni. Bibi yuko hapa, nimemsomea yote toka mwanzo, anataka niandike anavyosema. Anasema hivi: “Mimi nimezalisha wanawake wa Kibosho tangu barabara ya lami haijafika. Mtoto wa kike wa kwanza ni Manka, hilo halina mkutano. Mercè ni wa bibi yake wa huko, Manka ni wa huku. Na huyo mkwe mwambieni ahsante kwa kukaa na mtoto wangu leba.”

Shangazi Bagamoyo: Mercè Manka! Linatamkika vizuri jamani, lisemeni kwa sauti.

Baba Mdogo: Mercè Manka. Naam.

Baba Zuhura (Tanga): Mungu amjaalie maisha marefu na tabia njema.

Neema: Bibi asante, nalia huku. Na mwambieni Bibi kwamba mmoja wa watawa wa shirika lile, Ramon Nonat, inasimuliwa alitolewa tumboni mama yake akiwa ameshafariki, na ndiye msimamizi wa wakunga na wajawazito. Mama mkwe alikuwa ameniwekea picha yake chini ya mto.

Mama Neema: Nimemwambia. Anauliza kama wanakupa mtori.

Neema: Ndizi za kupika zipo duka la Walatini mtaa wa pili, mume amepika kwa maelekezo yako ya sauti. Umekuwa mzito kidogo lakini nimemaliza bakuli.

Mama Mkubwa: Mwambie apunguze ndizi aongeze mchuzi wa mifupa, utakosa maziwa hivyo.

Mjomba Gereji: Mimi naanzisha mchango wa kitenge na mbeleko, maana mbuzi hapandi ndege. Mke wa Mjomba ndiye mweka hazina. Mkishatuma, andikeni jina hapa chini. Neema, tuma picha ya cheti kikitoka, nataka kuona kile kikonyo juu ya e kimekaa sawasawa.

Elia: Nimetuma.

Shangazi Bagamoyo: Nimetuma na mimi. Natafuta na kanga ya Bagamoyo.

Baba Zuhura (Tanga): Nimetuma. Zuhura ameongeza yake mwenyewe.